Biti la singeli lililokatwa kwenye taarab, hela iende kwa nani? Tujadili

Wadau, kila singeli inapohit utasikia watu wanasema hawa madogo wezi tu, wamechukua kinanda cha taarab ya watu wakakikimbiza. Mi hilo la wizi nalikataa kabisa, ila wanaosema hakuna wa kulipwa nao nawapinga vilevile.

Tuanze na kazi yenyewe. Prodyuza anasikiliza taarab ya dakika kumi na kitu, anavizia pale mwimbaji anaponyamaza kinanda kibaki peke yake, anakata sekunde chache, anazizungusha, anapandisha spidi mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, sauti inakuwa nyembamba kama filimbi, halafu anashindilia ngoma zake. Hiki kitu kilianzia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani, huko Manzese na Tandale, Dar es Salaam, DJ anarudiarudia kipande MC kashika maiki watu wanacheza mpaka asubuhi. Huo ni utunzi, mwenye ubishi akae na laptop ajaribu aone.

Sasa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hii iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, inataka uombe ruhusa kwa mwenye haki. Haya, dogo wa Tandale akamuombe nani? Mpiga kinanda alishapewa posho yake siku ya kurekodi yakaisha, kanda ikabaki kwa msambazaji, na msambazaji akidai kwa YouTube kwamba kipande ni chake anaweza kubeba hela yote ya matangazo kwa sekunde chache tu, yule aliyebonyeza kinanda hapati hata mia. Yaani hapo mnasema tunamlinda msanii, msanii yupi?

Na msiniambie kurudiwa ni heshima inatosha. Gregory Coleman wa The Winstons, bendi ya Marekani, alipiga ngoma sekunde kama sita hivi mwaka 1969 kwenye wimbo wa Amen, Brother, Waingereza wakajengea mitindo ya dansi ya jungle na drum and bass nzima juu yake, imetumika kwenye maelfu ya nyimbo, na jamaa kafariki 2006 hana makazi, hakuwahi kulipwa mrabaha wa kile kipande. Mwenzake Richard Spencer mpaka 2015 ndo mashabiki wakamchangia. Mchango jamani, sio haki yake!

Marekani tangu 1909 ukitaka kurekodi upya wimbo wa mtu uliokwisha kutoka huhitaji kumbembeleza, unalipa kiwango cha kisheria unaendelea na kazi. Mi nataka hivyohivyo kwa vipande: kata, tengeneza, tangaza umetoa wapi, lipa asilimia iliyopangwa, na ndani yake liwepo fungu la mpigaji ambalo hata akisaini mkataba wa namna gani haliuziki.

Anayesema ruhusa ibaki lazima anijibu hili moja, yule mpiga kinanda leo analipwa kwa njia gani? Na prodyuza asiyetaka kulipa kabisa naye aje na hoja, asilimia ngapi inakuumiza?