Rock na pop ya zamani: batano bako ni banani, na juu ya nini?

Mwana_Kamalondo
Jambo yenu bandugu. Jumapili tulibishana sana kwa yaya wangu, mukubwa wangu wa kuzaliwa. Tulikuwa tunasikiliza diski zenye papa aliachaka, zile kubwa nyeusi, na piki-up ni ile ya zamani, mukono yake imekuwa myepesi, yaya anawekaka likuta moja, ile sarafu ya zamani ya Zaire, pale juu ili sindano isiruke. Kila mutu akaanza kupanga batano bake ba rock na pop na hatukusikilizana hata kidogo, njo nabauliza hapa. Masharti: muimbaji ao bendi ianze mbele ya 1985, uwe umeshasikiliza diski yake muzima, upande A na upande B, hapana paka wimbo moja ya redio, na useme JUU YA NINI umemuweka pale. Orodha bila sababu haina kazi.

Yangu: 1 Queen, 2 Michael Jackson, 3 Dire Straits, 4 Santana, 5 ABBA.

Queen naweka wa kwanza juu ya Freddie Mercury na sibadilishi. Alizaliwa Zanzibar mu 1946, jina ya nyumbani Farrokh Bulsara, na familia yake ilikimbia mapinduzi mu 1964 ikaenda kukaa Uingereza. Angalieni ile dakika makumi mbili ya Wembley, tarehe 13 Julai 1985, ile konsere ya kuchangia benye njaa, Live Aid. Gita inanyamaza, ngoma inanyamaza, anabakia na mikro na sauti tu, anaimba kapande, bantu 72,000 banarudisha, anapandisha, nabo banapandisha. Hakuna mwingine alifanya vile siku ile na balikuwa bakubwa bote pale.

Ya_Katuba
Mudogo wangu, Dire Straits wa tatu?? Hapo hatusikilizani. Miye napiga gita toka utoto na naweka Mark Knopfler, mupiga gita wao, juu ya bote, na nitasema sababu vile umeomba.

Knopfler hashikake ile kaplastiki ya kukwarulia. Ni vidole vitupu. Kidole gumba inashika besi, cha shahada na cha kati njo vinaimba, na ukiangalia muzuri utaona kila sauti inatoka na ngozi ya kidole, ni ya duara, haikati masikio. Sasa jiulize juu ya nini siye bantu ba Katanga tulipenda ile gita mara moja, tena na bale benye hawasikie Kingereza hata neno. Ni juu tulikuwa tunaijua! Mwenda Jean-Bosco alikuwa anafanya na gumba na shahada tu, vidole viwili, na ukifunga macho unasema ni gita mbili. Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952, wimbo Masanga, na mpaka leo bapiga gita ba Ulaya na Amerika banakaa chini kuijifunza noti kwa noti. Mu 1969 Mwenda alipanda jukwaa ya Newport kule Marekani, tamasha ile ile kwenye Bob Dylan alichomeka gita ya umeme mu 1965 bantu bakapiga makelele. Batoto benu banajua hii? Banajua Dylan, Mwenda hapana, na ni mutu wa kwetu hapa hapa.

Basi yangu: 1 Dire Straits, 2 Santana, 3 Jimi Hendrix, 4 Eagles, 5 Creedence. Santana wa pili juu ya ngoma. Alipiga kwa tamasha ya Woodstock mu Agosti 1969 diski yake ya kwanza haijatoka bado, hakuna mutu alimujua, na bakamaliza kupiga kila mutu alimujua. Na moja ya nyimbo za ile diski ni ya Olatunji, Munijeria, kwa hiyo usishangae mama zetu balicheza bila kufundishwa. Eagles naweka kwa ule mwisho wa Hotel California wenye gita ya Don Felder na ya Joe Walsh zinajibizana, 1976, kisha zinashikana zinakwenda pamoja. Ile ni seben kabisa, kama ile sehemu ya gita ya kuchezesha mu rumba yetu.

Mama_Ruashi
Bapapa banapima paka gita, gita, gita. Na sauti je? Miye ni muimbaji wa korali, napima na sauti, na nitawambia kitu juu ya ABBA yenye umetupa wa tano kama makombo. Sikiliza Agnetha na Anni-Frid banaimba pamoja. Ile unene ya sauti si bantu babili tu, fundi wao wa studio, Michael Tretow, alikuwa anabarekodi mara ya pili juu ya ile ya kwanza na anabadilisha mwendo wa tepu kidogo sana, hivi sauti hazilale kabisa moja juu ya ingine, zinapishana kidogo kidogo, na sikio inasikia kundi muzima. Toka niisikilize na nia hiyo sijawahi tena kuita ABBA muziki myepesi. Balishinda Eurovision, ile shindano ya nyimbo ya Ulaya, kule Brighton mu Aprili 1974 na watu bakafikiri ni ba siku moja.

Na Boney M. iko wapi?? Mu arusi gani ya Lubumbashi hawakupiga Boney M.? Najua mtaleta ile maneno ya Bobby Farrell, mwanaume wao wa jukwaani, kwamba hakuimba kwenye diski. Ndiyo, sauti ya mwanaume ni ya Frank Farian mwenyewe, mutengenezaji wao kule Ujerumani. Lakini Liz Mitchell na Marcia Barrett baliimba, na Bobby alicheza mpaka ukasahau kuuliza. Ule wimbo wao mukubwa wa 1978, Rivers of Babylon, ulikuwa wa Melodians ba Jamaika toka 1970, na maneno mengi yanatoka Zaburi ya 137, njo maana bamama ba kanisa balikuwa banauimba bila kuogopa pasta.

1 ABBA, 2 Boney M., 3 Queen, 4 Joe Dassin, 5 Bee Gees. Dassin naweka kwa sababu hapa tulikulia na redio ya Kifaransa pia, musijifanye mulizaliwa London. Mutu alizaliwa New York, akaimba Kifaransa kuliko Wafaransa, akafia Tahiti mu 1980 na miaka 41. Ile sauti ya chini anaongea mbele ya kuimba... mupaka leo sijapata wa kumulinganisha.

Line_Kasumbalesa
Naunga mkono Mama kwa Boney M. Lakini bote munaruka mupaka munaenda mbali na jirani munamuacha. Kutoka hapa mupaka Ndola ni karibu sana kuliko Kinshasa, na pale Copperbelt ya Zambia miaka ya 70 vijana ba migodi balitengeneza rock yao, Zamrock, gita ya kukwaruza yenye moshi ndani, ngoma ya nyumbani chini. WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Paul Ngozi. Muimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, balimuita Jagari juu ya Mick Jagger wa Rolling Stones. Kisha bei ya shaba ikaanguka, pesa ya diski na ya konsere ikaisha, ugonjwa ukachukua wengi wa bendi, Jagari akaenda kuchimba mawe ya thamani. Na akarudi! Mu 2023 WITCH walitoa diski mupya, mzee anaimba Ulaya vijana banaruka. Siye tunajua vizuri mji unakuwa namna gani shaba ikianguka, kwa hiyo hii muziki ni yetu pia.

Yangu WITCH namba moja. Zingine pangeni mwenyewe.

Ya_Katuba
@Line_Kasumbalesa hapo umenigusa. Paul Ngozi nilimusahaulisha na Creedence, ila Creedence sitoi.

Bukavu_Mtazamaji
Salamu kutoka Bukavu wakubwa. Nashangaa hakuna hata mmoja ameandika James Brown, na yeye alikuja KWETU. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, Kinshasa, yeye, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All Stars, pamoja na Franco na Tabu Ley. Tamasha ilipangwa iende na pigano ya ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pigano ikasukumwa mpaka 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wameshafika basi wakapiga. Mtafuteni Bill Withers kwenye picha za video za pale, anakaa na gita ya kawaida, haruki, hapigi kelele, na uwanja wote kimya unamsikiliza. Kwangu ile ni kubwa kuliko Wembley, nisamehe ndugu wa Kamalondo.

Kuhusu Michael namba mbili, nakubali, lakini muandike na Manu Dibango pembeni. Yale maitikio ya "makossa" yenye kufunga wimbo wa kwanza wa Thriller, 1982, yanatoka kwa Manu, Mkameruni, wimbo wake Soul Makossa wa 1972. Ilibidi aende kwa mahakama kwanza ndio wakapatana kwa malipo. Mimi mtu akipiga ile diski mbele yangu lazima kwanza nimpigie ya Manu.

1 James Brown, 2 Bill Withers, 3 Michael, 4 Bob Marley, 5 Queen.

Mwana_Kamalondo
Asanteni bakubwa. Bill Withers wa Kinshasa nimeangalia usiku huu mara nyingi na naelewa kaka wa Bukavu anasema nini, ila kumushika mutu mmoja mmoja na wimbo wa pole pole ni kazi ingine, na kushika uwanja muzima na sauti tupu ni kazi ingine. Freddie anabakia. Knopfler napandisha wa pili juu ya ile maneno ya gumba, Michael anashuka wa tatu, ABBA wa ine, Santana wa tano, na Mama_Ruashi asinikasirikie.

Ya_Katuba, uko na Masanga kwenye diski ya kweli, hapana ya simu? Yaya anasema kama iko, Jumapili uje nayo na gita yako, tunataka kuona ile vidole viwili kwa macho.

Ya_Katuba
Diski niko nayo, upande moja imekwaruzika lakini Masanga iko upande ule mwingine, haina mukwaruzo. Mutafute likuta ingine, ile moja haitatosha.

Mama_Ruashi
Niko nakuja na Boney M. Na ABBA wa ine bado ni matusi.