Nimechoka na unesi, niache kazi? Naombeni ushauri

Nesi wa Leba: Wakuu habari za jioni. Mimi ni muuguzi, mwaka wa saba sasa, kituo kimoja cha afya hapa Mbeya. Nimechoka hadi mwili unakataa. Mama akilia uchungu nakasirika badala ya kumwonea huruma, na sikuwa hivyo. Juzi nimejifungia chooni nikalia. Niache kazi nikalime viazi Uporoto? Matusi sitaki.

Mkulima wa Isyonje: Karibu shambani dada, ila usidhani huku watu wanalala. Mwaka jana mvua zilileta ukungu, nikapiga dawa kila wiki, na bado nusu ya shamba majani yaliungua. Nilichovuna niliuza kwa hasara.

Mama Tuntufye: Mwanangu, kuzalisha ni wito. Sali, nguvu zitarudi.

Tabibu Makete: Hali hiyo inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanyi la maana. Halikuiita ugonjwa, lilisema inatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Ndiyo maana nauliza: siku za ofu unafanya nini?

Nesi wa Leba: Napumzika kawaida tu.

Fundi Mwanjelwa: Uzi wa kutunga huu. Mfanyakazi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nesi gani analia chooni badala ya kuomba likizo? Subirini, sasa hivi tutatumiwa namba tuchangie.

Kijana wa Uyole: Hata mimi nilishtuka.

Nesi wa Leba: Sitaki hela ya mtu! Likizo nilipewa Agosti, siku zote 28 nikapiga deiwaka zahanati ya binafsi. Ofu pia niko huko. Natoka naiti saa moja na nusu asubuhi, saa mbili nimeshaingia kule mpaka jioni. Nina nyumba Isyesye imefika lenta, na bati nimeshalipia nusu. Siwezi kuacha deiwaka sasa. Shamba pia nimeshalitolea kodi. Nimeuliza kuhusu kazi ya kituoni tu.

Tabibu Makete: Mdogo wangu, umeshakosea dawa?

Nesi wa Leba: Alhamisi, saa tisa usiku. Nilivuta oksitosini yuniti 10, dawa ya kukaza kizazi, ya mama aliyejifungua kitanda cha pili. Nikaenda kitanda cha kwanza. Pamba ya spiriti ilishapita kwenye paja, sindano mkononi, ndipo yule mama akanishika mkono: "Nesi, mimi bado sijazaa." Kizazi kingeweza kupasuka. Sijamwambia mtu.

Fundi Mwanjelwa: Dada, nisamehe. Mke wangu alijifungua Machi.

Tabibu Makete: Kesho mwone inchaji wako, mweleze hivyohivyo ulivyotueleza, omba utolewe naiti kwa muda. Na zahanati uwapigie leo usiku. Kuacha kazi utaamua ukishalala wiki mbili.

Nesi wa Leba: Zahanati kesho hawana mtu mwingine, wananitegemea.

Mkulima wa Isyonje: Kodi ya shamba umempa nani? Kuna mzee huku kakodisha eka moja kwa watu wawili.

Mama Tuntufye: Ugonile, mwanangu? Kumekucha. Ulilala?

Nesi wa Leba: Nimelala saa nne mfululizo, mama. Inchaji anaingia saa moja na nusu, nipo mlangoni kwake. Zahanati sijawapigia bado.