Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama kisiwa cha Procida, Italia

Habari zenu wakuu, kuna aliyewahi kufika Procida, kile kisiwa kidogo karibu na Napoli? Niko Ujerumani, mama anakuja toka Tanga mwakani nataka nimpeleke sehemu tulivu yenye bahari, kisiwa cha Capri pale jirani watu wanajaa mno. Procida ni kama kilomita za mraba 4 tu, na kilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Italia 2022 ila wengi bado hawakijui. Kilichonivuta ni Corricella, kijiji cha wavuvi, nyumba za pinki, njano na bluu zimebanana zinapanda kilimani, nyavu ziko hapo hapo gatini na gari haziingii kabisa. Halafu wana malimau makubwa yenye nyama nyeupe nene, wanayakatakata na mnanaa na pilipili wanakula kama kachumbari, mama atapenda sana hiyo!

Sasa magoti yanamsumbua, na Corricella unashuka kwa ngazi. Tulale Marina Grande boti zinapotia nanga, au kuna njia rahisi ya kumfikisha? Na twende Ijumaa Kuu tuone yale maandamano yao ya kidini, au tusubiri Mei joto lipande? Boti ya kutoka Napoli je, inayumba sana? Mama bahari inamchafua tumbo.