Nilihama kampuni ya umeme baada ya kuhakikishiwa kwa maandishi kwamba mita janja yangu itafanya kazi, na sasa ni bubu na bili ni ya kukisia

Ndugu wanajukwaa, hasa mlioko Uingereza, heshima zenu.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Mwezi Februari mwaka huu nilihamisha umeme na gesi ya nyumba yangu hapa Leicester kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa sababu moja tu: kampuni mpya ilikuwa na mpango wa bei nafuu ya usiku, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ambapo uniti moja ni peni 9 badala ya peni 25 ya kawaida. Nina gari dogo la umeme nililonunua likiwa limetumika, nalo hulala kwenye chaja usiku mara nne kwa wiki, likila takribani uniti 30 kila mara. Atakayepiga hesabu ataona kwamba tofauti hiyo ni zaidi ya pauni 19 kwa wiki, na kwa familia yenye watoto watatu hizo si fedha za kudharau.

Mpango wa namna hii hauwezekani bila mita janja (smart meter), yaani mita inayotuma usomaji yenyewe kwa kampuni, kwa kuwa ni lazima kampuni ijue umetumia kiasi gani katika kila nusu saa. Kwa hiyo, kabla sijaweka sahihi, niliwaandikia na kuwatumia picha ya mita pamoja na namba zake, nikauliza swali lisilo na kona: je, mita hii itaendelea kuwasiliana nikihamia kwenu? Jibu lilikuja siku ya pili, likiwa na jina la mhudumu na namba ya kumbukumbu, na lilisema ndiyo, mita yako inaendana na mfumo wetu. Barua hiyo ninayo.

Uhamisho wenyewe ulikwenda haraka, maana tangu Julai 2022 kanuni zinataka ukamilike ndani ya siku tano za kazi, na kwa hilo siwalaumu. Lakini tangu siku ile mita haijatuma usomaji hata mmoja. Ile skrini ndogo ya jikoni bado inawaka, ila inaonyesha bei ya kampuni ya zamani, kwa hiyo kila asubuhi ninasomewa gharama ya mkataba ambao haupo tena. Wiki tatu baadaye nilipokea barua pepe fupi ikiniarifu kwamba, kwa kuwa hawapati takwimu za nusu saa kutoka kwenye mita yangu, wameniondoa kwenye mpango wa usiku na kuniweka kwenye bei ya kawaida. Hawakuomba radhi, wala hawakuligusa lile jibu lao la "ndiyo".

Nilipopiga simu ndipo danadana zilipoanza. Mhudumu wa kwanza alinitaka nisubiri wiki mbili ili mfumo uitambue mita. Nilisubiri. Wa pili akaniambia kampuni niliyoihama haijaiachilia mita, niwasiliane nayo. Nikawasiliana nayo, nikajibiwa kwamba mimi si mteja wao tena na kwamba tangu siku ya uhamisho hawana mamlaka wala uwezo wa kuigusa. Wa tatu, aliyezungumza kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi, akasema mita yangu ni ya kizazi cha kwanza na kwa hiyo "haiendani". Nikamsomea barua yao wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine anaweza kunisaidia.

Hapa ninaomba nieleze kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapewa jibu hili la kizazi cha kwanza nasi tunalikubali kwa kudhani ni la kitaalamu. Mita za mwanzo, zinazojulikana kama SMETS1, zilifungwa kwa wingi hadi kufikia mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019. Ndani yake mna laini ya simu, na zilitengenezwa ziwasiliane na mfumo wa kampuni iliyozifunga. Ukihama, kampuni mpya ilikuwa haina njia wala funguo za siri za kuifikia mita, na hapo inabaki inahesabu vizuri lakini haimsimulii mtu. Mita za kizazi cha pili, SMETS2, hupitia mtandao mmoja wa taifa unaoendeshwa na Data Communications Company, wengi wakiiita DCC, ambao ulianza kazi Novemba 2016, na kampuni zote zinautumia. Mtandao huo hupita kwenye masafa marefu ya redio Scotland na kaskazini mwa England, na kwenye mtandao wa simu katika maeneo mengine. Baadaye, kuanzia 2019, mita za zamani nazo zikaanza kuingizwa kwenye mtandao huo kwa mbali, bila fundi kufika nyumbani, ili nazo ziweze kusomwa na kampuni yoyote.

Mita yangu ni ya 2017, na historia yake ndiyo inayowakatalia. Nilipohama mara ya kwanza, mwaka 2019, iligeuka bubu kama ilivyotarajiwa, nikawa ninashuka na tochi kwenye kabati la chini ya ngazi kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2021 ikafufuka yenyewe, na kampuni ile ya pili, ambayo haikuwa imeifunga, ikaisoma kila nusu saa hadi siku niliyoondoka. Isingewezekana kuisoma kama haikuwa imeingizwa kwenye mtandao wa pamoja. Nimeikagua pia kwa kile kifaa cha mtandaoni cha Citizens Advice, shirika linalowapa wananchi ushauri, na jibu lake ni kwamba mita inafanya kazi kama mita janja. Kwa hiyo mtu anaponiambia mita haiendani, ninamuuliza: haiendani na nini, ikiwa mwenzako aliisoma hadi juzi? Ninachokiona mimi ni kwamba kampuni hii haijakamilisha kazi yake ya kujiunganisha na mita, na imeona ni rahisi zaidi kuisingizia mita.

Sasa tuje kwenye bili, maana huko ndiko panapouma. Bili ya Machi ilitoka kwa makadirio, ikisema mita imefika 41,920. Nilishuka kwenye kabati, nikakuta 41,608, nikapiga picha na kuituma siku hiyo hiyo. Tofauti ni uniti 312, sawa na pauni 78 kwa bei yao. Bili iliyofuata haikuitazama ile picha. Ilianzia pale pale kwenye namba yao ya kukisia na kupanda juu zaidi, kisha makato ya benki ya kila mwezi yakapandishwa kutoka pauni 142 hadi 219, kwa maelezo kwamba "matumizi yako yameongezeka". Matumizi yameongezeka wapi? Kwenye kompyuta yao! Gesi sijaigusa hata kidogo katika malalamiko haya, kwa sababu mita ya gesi hutumia betri na hutegemea mawasiliano yanayopitia upande wa umeme, kwa hiyo upande huo ukinyamaza na gesi inanyamaza nayo. Huko nako ninakadiriwa.

Na kuna jambo linalonitia uchungu kuliko hayo yote. Mita janja, hata ikikosa mawasiliano, huhifadhi ndani yake matumizi ya kila nusu saa kwa miezi 13. Maana yake ni kwamba kila usiku niliochaji gari langu tangu Februari umeandikwa, saa kwa saa, ndani ya kile kisanduku kilicho chini ya ngazi yangu. Ushahidi wa ninachodai upo, wao ndio wenye wajibu wa kuufikia, na wao ndio wanaonilipisha peni 25 kwa sababu hawajaufikia. Nimewaambia hivyo mara nne. Mara zote nne nimejibiwa kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Suluhisho walilonipa mwishoni ni kubadilishiwa mita. Sawa, nikakubali, ingawa sioni sababu ya kung'oa mita nzima badala ya kuunganisha iliyopo, na gharama za mradi huu mzima wa taifa wa kufunga mita janja tunazilipa sisi sote kupitia bili zetu. Fundi wa kwanza hakutokea, nami nilikuwa nimeacha zamu kazini. Kwa kanuni za mdhibiti, Ofgem, fidia ya miadi iliyovunjwa inapaswa kulipwa bila mteja kuidai, lakini hadi leo sijaiona. Miadi ya pili waliifuta usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa ujumbe wa simu.

Sisi tuliokulia na LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia, tuna cha kulinganisha. Ninakiri ulinganisho huu si wa haki moja kwa moja, kwa kuwa nyumbani Tanzania hakuna cha kuhama, TANESCO ni moja. Lakini token ni tarakimu 20, unainunua kwa simu au dukani, mita haijali umeinunua kwa nani wala imetengenezwa na kiwanda gani, kwa sababu zote zinafuata kiwango kimoja. Mwaka 2024, kiwango hicho kilipofikia ukomo wa hesabu yake ya muda na mita kulazimika kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, dada yangu kule Mbagala aliingiza yale mafungu mawili ya namba za kusasisha, kisha token yake, na umeme ukaingia. Alinipigia simu kunilalamikia kwamba vidole vimemuuma. Leo ninamwonea wivu, maana yeye alipewa namba za kuingiza, mimi ninapewa namba za kumbukumbu.

Wala msidhani ni mimi peke yangu. Serikali iliahidi awali kwamba kila nyumba ingekuwa imepewa fursa ya kupata mita janja kufikia mwisho wa 2020, na ahadi hiyo ikasogezwa. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilieleza katika ripoti yake ya Oktoba 2023 kwamba mita takribani milioni 3 zilikuwa hazifanyi kazi ipasavyo hadi Machi mwaka huo, na kwamba milioni 7 nyingine zingepoteza uwezo wake mitandao ya simu ya 2G na 3G ikizimwa, zisipobadilishiwa vifaa vya mawasiliano. Kwa hiyo atakayekuja kuniambia hapa kwamba nimepata bahati mbaya tu, aanze na takwimu hizo.

Nilichofanya hadi sasa ni hiki. Nimefungua malalamiko rasmi kwa maandishi, na leo ni wiki ya saba. Zikitimia wiki nane bila ufumbuzi, ninaruhusiwa kuyapeleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru ambaye hamtozi mteja chochote na ambaye uamuzi wake, mteja akiukubali, huibana kampuni. Ninadai mambo manne: mita iunganishwe au ibadilishwe kwa tarehe inayojulikana, bili zote zifanywe upya kwa usomaji halisi, nirudishiwe tofauti ya bei ya usiku tangu siku niliyoondolewa kwenye mpango, na nipewe maelezo ya maandishi kwa nini niliambiwa ndiyo. Hilo la nne wahudumu wawili wamenishauri niliache kwa kuwa "litachelewesha mambo". Sitaliacha.

Sijaacha kulipa, kwa sababu sitaki deni liniharibie rekodi ya mikopo. Nimewaambia benki wasimamishe makato yale ya 219, na ninatuma mwenyewe kila mwezi kiasi kinacholingana na mita, pamoja na picha yenye tarehe.

Ninachowaomba ninyi ni jambo moja mahususi. Aliyewahi kuhama akiwa na mita ya SMETS1 iliyokwisha kuingizwa DCC, ikagoma, kisha kampuni mpya ikafanikiwa kuiunganisha bila kuing'oa, aniandikie hapa ilichukua muda gani na walifanya nini, maana jibu hilo ninataka kuliambatanisha kwenye faili langu kabla ya Jumatatu ijayo, siku ambayo wiki nane zinatimia. Na aliyewahi kudai tofauti ya bei ya usiku kwa kutumia takwimu zilizohifadhiwa ndani ya mita, ninaomba aniambie kama msuluhishi alizikubali. Wanaotaka kuniandikia kwamba ningebaki kwenye kampuni ya zamani, mke wangu amekwisha kuniambia.