Naomba ushauri: siku ya utawala wa sheria shuleni, hapa Lamu

Mwalimu_Langoni

Assalaam aleikum wanabaraza, na habari zenu nyote.

Nafundisha gredi ya saba hadi ya tisa, shule moja hapa kisiwani. Mwalimu mkuu amenikabidhi maandalizi ya siku ya kusherehekea utawala wa sheria, iwe karibu na 27 Agosti, tarehe Katiba yetu ilipozinduliwa mwaka 2010. Wazazi wataalikwa. Ratiba aliyonipa mnaijua hata kabla sijaitaja: wimbo wa taifa, ngonjera, hotuba ya mgeni rasmi, hotuba ya mwenyekiti wa bodi, kisha pilau. Watoto wakae juani waambiwe watii sheria.

Mimi nataka kesi ya kuigiza. Kisa ninacho. Mchukuzi anapita kwenye ujia mwembamba na punda wawili waliobeba mchanga. Punda mmoja anashtuka, anaisukuma meza ya mama muuza viazi karai. Karai chini, mafuta yamemwagika mpaka kizingitini kwa watu, ukwaju unatiririkia mtaroni. Mama anadai mchukuzi alimchapa punda makusudi kwa sababu jana yake waligombana. Mchukuzi anasema ni ndoo iliyoanguka kutoka ghorofani ndiyo iliyomshtua mnyama. Mashahidi wapo, lakini hakuna hata mmoja aliyeona yote.

Mwalimu mkuu amekisoma akakipenda, ila ametoa sharti: mchukuzi apatikane na hatia, na hukumu iandikwe kabisa kwenye mchezo, ili wageni waondoke na funzo. Halafu mzazi mmoja wa bodi ananung'unika kwamba tutawazoesha watoto kubishana na wakubwa. Bajeti ndiyo msiulize.

Waliowahi kufanya mambo haya, au wanaoijua mahakama kwa ndani, nishaurini.

MzeeKobe

Punda naye apewe wakili. Hao ndio wanaoonewa kuliko wote mji huu.

KaraniMstaafu

Mwalimu, nimekaa korti za pwani hii mpaka nikastaafu. Hukumu usiiandike. Hilo la kwanza, na kama utasahau mengine yote shika hilo.

Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa anachukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sasa ukimpa mtoto karatasi imeandikwa "ana hatia" wiki mbili kabla shahidi hajafungua mdomo, umemfundisha nini? Umemfundisha kile ambacho watu mtaani tayari wanakiamini kuhusu korti.

Andika taarifa za mashahidi tu, nusu ukurasa kila mmoja, na kila shahidi asome yake peke yake. Mahakimu wasizione kabisa. Wapange watoto watatu wawe mahakimu, wasikilize, watoke kidogo wakashauriane, warudi wasome uamuzi pamoja na sababu. Sababu ndizo zitakazokuonyesha nani ameelewa. Wakiamua usivyotarajia, nyamaza, usiwasahihishe mbele ya wazazi.

La pili, amua kama ni jinai (kosa ambalo serikali inamshtaki mtu) au madai (mtu kumdai mwenzake fidia), maana kisa chako kina yote mawili. Shtaka likiwa kuharibu mali kwa makusudi, upande wa mashtaka lazima uthibitishe hayo makusudi bila kuacha shaka ya maana. Kwa ushahidi wako wa nusunusu, mchukuzi huenda akaachiliwa. Lakini mama bado anaweza kudai fidia ya karai lake. Mahakama ya madai madogo, kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Watoto wakiona mtu anaachiliwa kwenye jinai kisha analipa kwenye madai, watauliza maswali mpaka jioni. Waache waulize.

Na mkalimani usimsahau. Kifungu hicho hicho cha 50 kinampa mshtakiwa asiyefahamu lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo. Darasani kwako hukosi mtoto wa Kibajuni au wa Kiorma wa kuifanya kazi hiyo, na watu watampigia makofi kuliko mgeni rasmi.

MamaShela

Huyo mzazi wa bodi mwambie hivi, kwa adabu: hata kadhi haruhusiwi kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Dini yenyewe imekataza. Na Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 170, si kitu cha pembeni. Kumjibu mtu kwa zamu yako na kwa heshima si kubishana na wakubwa. Wanangu mimi wakivunja gilasi huwa hawangojei hata kuulizwa, wanaanza kulia. Ningependa wajifunze kujieleza.

MtuWaTanga

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Tanzania kuna Wiki ya Sheria kila mwaka, inaishia na Siku ya Sheria mapema Februari, mwaka wa mahakama unapofunguliwa. Hotuba zipo, tena ndefu. Ila kinachowaleta watu ni mabanda ya ushauri wa kisheria wa bure. Mtu anakuja na hati yake ya shamba kwenye mfuko wa plastiki, anakaa, anasikilizwa. Marekani nao wana siku yao, 1 Mei, tangu Rais Eisenhower alipoitangaza mwaka 1958, na shule nyingi huko huigiza kesi kama unavyotaka wewe.

Weka meza moja tu ya ushauri kwa wazazi. Ombeni wakili mmoja wa kujitolea.

Nahodha_Pate

Kesi ya punda nzuri ila nyepesi mno. Maskini kashtakiwa na maskini, mkubwa yuko wapi? Sheria kumfunga mchukuzi ni jambo la kila siku. Utamu wa utawala wa sheria uko pale mkubwa anapoitwa ajibu.

Sisi wavuvi tunao mfano. Bandari mpya ya Lamu ilipokuja, watu wa hapa walikwenda kortini 2012 kuishtaki serikali, na 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata baraza la kusikiliza kesi za mazingira likafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watoto waigize hizo.

KaraniMstaafu

Nahodha, nakuunga mkono nusu. Hizo kesi watu wa mji bado zinawauma, na katika umati kutakuwa na waliokuwa pande zote mbili. Zisimuliwe, zisiigizwe. Lakini hoja yako ya mkubwa ni ya kweli, mwalimu aitafutie nafasi.

Mwalimu_Langoni

Ahsanteni sana. Nimeibadilisha hivi. Punda ni wa tajiri mmoja wa mtaani, mchukuzi ni kibarua wake tu. Mzigo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na aliyeamuru upakiwe hivyo ni tajiri. Kwa hiyo nani asimame kizimbani, na nani amlipe mama? Nimewapa watoto swali hilo leo darasani, kengele ikalia hawajamaliza. Wengi walisema tajiri hawezi kuitwa kwa sababu "ni mtu mkubwa". Nahodha, hapo nilikukumbuka.

Mwalimu mkuu nilimsomea kifungu cha 50 ofisini kwake, akakubali hukumu iachwe wazi. Ngonjera moja imebaki, hapo nimesalimu amri. Nahodha, ukiweza uje usimulie ya bandari baada ya kesi, kabla ya pilau.

Mahali naomba ua wa Ngome ya Lamu, pale ambapo palikuwa jela mpaka 1984. Joho la hakimu ni buibui la dada yangu, gharama hakuna.

Nahodha_Pate

Nitakuja, bahari ikiruhusu.

MzeeKobe

Hamjanijibu. Punda mwenyewe ataingia Ngomeni?

KaraniMstaafu

Picha yake inatosha, ipigwe muhuri iwe kielelezo namba 1. Akija mwenyewe hatuna namna ya kumwapisha.