Mdomo wa Msimbazi: tupime kwanza au tuchimbe kwanza?

Mtu wa Upanga: Wakuu, bonde la mto Msimbazi hapa Dar lina mkopo wa Benki ya Dunia tangu 2022, mafuriko yapungue, mto upanuliwe, daraja la Jangwani linyanyuliwe, mwendokasi wapumue. Sawa. Ila pale mto unapoingia baharini, daraja la Salenda, mchanga unaoshuka toka Pugu unatua wapi? Bamvua (maji makubwa ya bahari) ikija chumvi inapanda mpaka wapi? Mikoko inaongezeka au inakufa? Hayo yapimwe masika, kiangazi na vuli ndo makatapila yashuke. Wataalamu wa bahari wapo Kunduchi, wavuvi wapo. Watu wa mabondeni watavumilia msimu mmoja.

Kigogo Mwisho: Watavumilia msimu mmoja??? Ushawahi kupandisha godoro kwenye kenchi usiku wa manane wewe? Mafuriko ya Desemba 2011 watu walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande, nje kabisa ya mji, na wapo waliorudi maana Mabwepande mpaka Kariakoo ukibarua wote unaishia kwenye nauli. Afu nyie hao hao mchicha wenu wa jioni unalimwa bondeni kwetu, mbona huo hamuupimi.

Mnyamani: 😂😂 Kaupata. Halafu utafiti gani tena jamani, kila mwaka vijana wa chuo wanakuja na vichupa vyao wanachota wanaondoka, ripoti zimejaa makabatini. Daraja la Tanzanite limefunguliwa 2022 hapo hapo, mikoko mlikuwa hamuioni?

Maji Kupwa: Mnyamani unachanganya mambo. Tathmini ya mazingira ipo kwenye sheria ya 2004, ile inaangalia mradi utaharibu nini. Anachosema jamaa ni kuujua mto wenyewe kabla. Mimi nimeshika kipimo pale: chota maji yamekupwa, unapata maji ya mto, meusi, yananuka, chumvi kiduchu. Rudi baada ya saa sita yamejaa, ni bahari tupu imeingia ndani. Sasa aliyechota mara moja akaandika ripoti kaandika uongo wenye muhuri. Inatakiwa upime sehemu zile zile, kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu (yale madogo), mvua na jua. Na huku unapima watu wa bondeni wanahamishwa, havigombani hivi vitu.

Dada wa Genge: Turudi kwenye mchicha. Wauza mboga wote wa mjini sa hivi tunaonekana tunauza sumu. Wangu unatoka Bunju.

Kigogo Mwisho: Dada sijakutaja. Ila mchicha wa bondeni ulishapimwa ukakutwa na madini ya risasi (lead), hilo halina ubishi. Wanamwagilia maji ya mto yale yale ya viwandani.

Mnyamani: Si ndo nyie mnaolima?

Kigogo Mwisho: Nilime wapi, chumba kimoja na sebule? Wewe vipi.

Mtu wa Upanga: Jamani hoja ilikuwa mdomo wa mto. Na kule mto Rufiji bwawa la umeme la megawati 2,115 lipo, tope lililokuwa linalisha delta kule chini nani analifuatilia?

Mnyamani: Kashahama mkoa 😂 Dada, tangu lini mchicha wa Bunju ukauzwa bei ya bondeni? Taja shamba.

Dada wa Genge: Nikutajie shamba la mtu ili iweje. Njoo gengeni uone kwa macho, na lile deni la nyanya uje nalo kaka.