Nimepata Subaru Legacy B4 twin tabo ya 2001, nianzie wapi kuirudisha nikiwa nyumbani?

KijanaWaKahawaWest

Wasee habari za jioni. Hatimaye nimepata ile gari nimekuwa nikiota tangu niko sekondari, Legacy B4 RSK ya 2001, bodi ya BE5, twin tabo (tabo mbili za kusukumia injini hewa), automatiki, namba ni KBB. Ilikuwa ya mzee mmoja huko Ruiru anajuana na mjomba wangu, akasafiri akaiacha chini ya mti wa avokado mpaka viti vikaota ukungu, na bei aliyoniitisha singeweza kukataa. Inawaka na inatembea. Sasa shida: asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unaisha, nikikanyaga inavuta poa mpaka karibu elfu nne ya rev halafu inalala kama imesahau kitu ndio iamke tena, na nikikwama kwa jam pale Roysambu mshale wa temprecha unaanza kupanda, nikizima AC unashuka. Rangi imefifia kwa bonneti, taa za mbele zimekuwa manjano, na tao la gurudumu la nyuma liko na kutu unaisikia kwa kidole.

Plani yangu ilikuwa niondoe hizo tabo mbili niweke moja kubwa, ekzosi ya inchi tatu, koilova (springi na shoki za kurekebisha urefu wa gari), na rimu za 18 kuna msee anauza Ngara. Niko na laki mbili za kuanzia, zingine nitakuwa naongeza mwisho wa mwezi. Kazi nataka kuifanya mwenyewe wikendi, niko na seti ya soketi na jeki ya trole, shida tu keateka wa hii ploti hataki kuona oili kwa kabro. Nianze na gani? Na spea bado ziko ama nitazunguka Kirinyaga Road mpaka viatu viishe?

Spana14

Hongera mkuu, hiyo ni gari. Sasa hizo rimu wacha zikae Ngara kwanza. Gari ambayo mshale unapanda kwa jam haiongezewi nguvu, inatafutiwa kwanza hilo joto linatoka wapi.

Anza na kitu cha bei ndogo, vifuniko. Subaru za tabo ziko na viwili, kimoja cha rejeta na kingine cha ile tanki ndogo iko juu ya injini, na mafundi wengi wanaviweka hiki hapa kile pale bila kujua springi zake hazina nguvu sawa. Cha tanki ndicho kinafaa kuachia kwanza. Na kifuniko kibovu kinakuumiza zaidi hapa Nairobi kuliko mtu wa Mombasa, sababu tuko juu karibu mita 1,700 na maji yasiyo na presha huku yanachemka kwa digrii 94 au 95 hivi, hayangoji 100. Injini iliyo sawa inatembea hapo hapo karibu na 90, kwa hivyo presha ikipotea huna pa kupumulia.

Ya pili, majani ya huo mti wa avokado lazima yamejaa kati ya kondensa ya AC na rejeta. Toa rejeta uioshe kutoka upande wa injini kuja mbele, maji ya presha ndogo usije ukalaza mapezi. Angalia feni zote mbili zinazunguka AC ikiwa on, vile umesema ukizima AC mshale unashuka mimi nashuku hapo sana. Halafu ujaze kulanti ya ukweli nusu kwa nusu na maji distildi, si ya mfereji. Kuna skrubu ndogo ya kutoa hewa juu ya rejeta, ifungue, mimina polepole mpaka kulanti itokee hapo bila mapovu ndio ufunge. Injini ya boksa kama hii, silinda zake zimelala, inapenda kuficha hewa. Ukimaliza iache ipate moto ukitazama chupa ya akiba: mapovu yakitoka kidogo yakaisha hiyo ni hewa tu, yakikataa kuisha hiyo ni gesi ya silinda inapita kwa hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya bloku na hedi), na hapo laki mbili imepata mwenyewe.

Shiku_Light_Industries

Huo usingizi wa elfu nne uko kwa zote, watu waliupa jina bonde la mauti. Ndivyo ilivyotoka kiwandani, tabo ya kwanza inafanya kazi peke yake huku chini, ya pili inaingia baadaye, na pale zinapopokezana busti, yaani presha ya hewa ya tabo, inashuka. Lakini kuna kulala na kulala. Ikiwa ni kitambo kidogo tu unaskia kwa kiti halafu inaendelea, ishi nayo. Ikiwa inalala mpaka Probox iliyokuwa nyuma inakupita ikipiga honi, hizo ni hosi.

Ukifungua bonneti utaona hosi nyembamba za vakyumu zimejaa, zote zinaenda kwa solenoidi (valvu za umeme) za kuamua tabo ya pili iingie lini. Zimekaa kwa joto miaka zaidi ya ishirini, zimekuwa ngumu, zinapasuka pale mwisho zinaposhika mdomo. Nunua hosi ya silikoni ya kupimiwa kwa mita, na tafadhali usitoe zote mara moja, toa moja weka moja, kila hatua na picha. Na kabla hujatupa ile ya zamani ifinye na vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ndani ya zingine kuna kizibo kidogo chenye katundu ka sindano, hicho ndicho kinapima hewa inayofika kwa wesigeti, kale kamlango ka kupunguza busti. Kikienda na takataka, busti itakuwa na akili zake na utaanza kulaumu tabo bure.

Kuhusu tabo moja kubwa mimi nakwambia pole pole. Si tabo peke yake unanunua, ni manifoldi, bomba za kuipeleka juu, njia ya hewa, ECU (kompyuta ya injini) na mtu anayejua kuityuni, na yote hayo yanaenda kwa gia boksi ya automatiki ya spidi 4 hatujui oili yake ilibadilishwa lini. Halafu kuna mambo ya hapa kwetu. Presha ya hewa ya Nairobi iko chini ya ile ya pwani kwa kama asilimia 18, kwa hivyo ndio ufikishe ile baa moja unayoiona kwa geji ya mtu wa Mombasa, tabo yako imezunguka zaidi na hewa imetoka ikiwa moto zaidi. Na petroli: kule Japani hiyo gari ilitengenezewa premium ya oktani karibu 100, super yetu ya kawaida iko kwa 93 hivi. Kwa oktani ya chini, injini ikianza kugonga ECU inarudisha taiming ya cheche nyuma, nguvu inapotea. Ukiongeza busti bila kutyuni, pistoni ndio inalipa deni. Gari ilitoka ikiwa na farasi 260 kwa hiyo automatiki, sidhani hata nusu ya B4 ziko barabarani hapa bado ziko nazo zote. Zitafute hizo kwanza!

Moshi wa asubuhi usikutoe jasho. Boksa silinda zimelala, ikikaa oili inajipenyeza kidogo, haswa ukiegesha kwa mteremko. Ukianza kuona moshi ukiachilia mafuta ukishuka kilima, hapo uliza tabo.

MzeeWa504

Vijana mnanifurahisha. Sisi tulisimama kwa vumbi yule dereva McRae akichukua rali ya Safari ya 1997 na Subaru Impreza, huu ugonjwa wenu naujua vizuri. Lakini kijana wangu, si uuze hiyo uongeze kidogo uchukue BL5, ile bodi iliyofuata, tabo moja, hakuna huo msitu wa hosi?

Na kama utaamua kubadilisha injini, wauzaji watakupeleka kwa nozikati (mbele ya gari iliyokatwa na injini yake) inayokaa vizuri kabisa. Usilipe kabla hujaona namba ya injini kwa macho yako na karatasi za kuingia nchini, na risiti iwe na hiyo namba. Logibuku inaandika namba ya injini na rangi ya gari, kwa hivyo ukibadilisha moja wapo pitia NTSA, wale wa usajili wa magari, kupitia eCitizen mambo yawe sawa. Siku ya ajali bima watafungua bonneti kabla wafungue moyo.

Shiku_Light_Industries

Mzee shikamoo. BL5 nayo ni nzuri lakini haina hosi ikawa na lingine, ndani ya boliti ya bomba la oili ya tabo kuna kichujio kadogo sana, oili isipobadilishwa kwa wakati kinaziba na tabo inakauka. Hakuna gari ya bure. Halafu hizi BE5 hazirudi tena, sheria ya kutoleta nchini gari yenye zaidi ya miaka 8 imefunga mlango kitambo, zilizoko ni hizi tu tunazo.

MzeeWa504

Marahaba mama. Sawa, nimenyamaza. Karibu.

KijanaWaKahawaWest

Asanteni sana wakubwa, naleta ripoti. Kifuniko cha tanki raba yake ilikuwa imepasuka, na feni moja ilikuwa haizunguki kabisa, ni pulagi tu ilikuwa imeoza kijani ndani. Rejeta ilitoka na majani ya kutosha mbuzi. Nimepitia Roysambu saa kumi na mbili jioni mshale haukusonga. Mapovu hakuna.

Sasa nikaazima geji ya kompreshani, ya kupima presha ya kila silinda. Nikapata psi 130, 124, 128, na 122. Kuna fundi mmoja wa hapa mtaani akaniambia injini imekufa, inafaa kuwa 150 kwenda juu, nitafute ingine mapema. Nimekosa usingizi. Pili, hakuna stika yoyote inaonyesha taiming belti, ile ya kufungua valvu kwa mpangilio, ilibadilishwa lini. Naweza kuifanya mwenyewe kwa parking?

Spana14

Lala vizuri. Hizo namba za vitabu ni za usawa wa bahari. Silinda inavuta hewa ya Nairobi, hewa iliyo chini kwa hiyo asilimia 18 Shiku amesema, kwa hivyo 150 ya pwani huku inasoma kama 123. Kitu cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda, na zako ziko karibu karibu. Mradi ulipima injini ikiwa moto, plagi zote nje na throtli imefunguliwa yote. Kama ulipima baridi na throtli imefungwa, rudia, inawezekana hata ziko juu zaidi.

Belti usingoje. Hii injini belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na umri wake haujulikani kwa hivyo ihesabu imeisha. Nunua kiti nzima: belti, tenshona, aidla zote, na wota pampu pamoja na thermostati ya Subaru, zile za bei rahisi zinafunguka zikipenda. Nyumbani inafanyika bila kushusha injini, ukitoa rejeta na feni unapata nafasi ya kukaa hapo mbele na kiti.

Sasa skiza hapa vizuri sana. Kwa sproketi ya kranki kuna mshale umechorwa unaonekana kabisa, kila mtu anaufuata, na ni mtego. Alama ya ukweli ni kamstari kadogo kwa kajino kalicho nyuma ya sproketi, kanafaa kusimama juu kabisa kaangaliane na alama ya kwa bloku. Kamshafti za upande wa kushoto ziko chini ya nguvu ya springi, ukitoa belti zinaweza kuruka zenyewe na valvu zikagongana, kwa hivyo zishike, usiweke mkono mwingine kwa simu. Tenshona ya zamani usiirudishe. Mpya inakuja na pini, hiyo pini haitoki mpaka belti imekaa kwa sproketi zote na alama zote zinaangaliana. Ukishaivuta, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na spana, pole pole. Ukiskia inakataa, simama hapo hapo, usilazimishe. Alama zikirudi sawa, funga.

Na jeki ya trole ni ya kuinua tu, si ya kushikilia. Pata stendi, na kwa kabro uweke ubao chini yake zisizame.

TairiMbiliMpya

Mimi nimekuja na za rimu, hawa wengine wamemaliza injini. Kabla uende Ngara uliza PCD, yaani idadi ya matundu ya boliti na upana wa duara lake. Yako ni 5x100. Za Impreza STI za kuanzia 2005 ni 5x114.3, hazishiki hata ukiomba, na kuna watu watakuuzia spesa za kugeuza, achana nazo. Rimu za BL5 zinakaa, ndio maana unaona B4 nyingi zimevaa. Mimi ningebaki na inchi 17, tairi 215/45 tayari ni nyembamba, ukienda 18 na mashimo ya hizi barabara zetu za mtaa utakuwa unanyoosha rimu kila mvua ikiisha. Na hii ni gari ya kuvuta magurudumu yote, tairi nne zote ziwe aina moja na zimechakaa sawa. Ukiweka mbili mpya mbili kipara, gia boksi inakaa ikisawazisha mchana kutwa mpaka klachi za ndani zinaungua. Koilova pia wacha, weka bushi mpya na shoki za kawaida uone vile gari inabadilika. Kwa breki badilisha fluidi yote, ile iliyokaa inakunywa maji.

Jina langu msiliulize.

KijanaWaKahawaWest

😂😂 sawa TairiMbiliMpya. Basi plani imegeuka: kiti ya belti mwisho wa mwezi, hosi za Shiku, bushi, breki. Taa nitazisugua na msasa wa maji 800 kupanda mpaka 2000 halafu polishi na klia. Kutu nitamwachia fundi wa bodi aikate aweke chuma, sitaki fila. Ekzosi imelala kwanza, keateka amesema siku ataskia mizinga saa nne usiku ananipa notisi. Oili chafu amekubali niweke kwa mtungi, anataka kupaka nguzo za fensi juu ya mchwa.

Imebaki kitu moja tu, spana ya toki (ya kupima nguvu ya kukaza) sina. Kuna mtu ako nayo karibu na Kahawa West?

Spana14

Niko nayo, niko Githurai 44. Ni ya nusu inchi, inapima sawa. Kuja na kitambulisho unaniachia, ya kwanza iliazimwa ikaenda Kitengela mpaka leo.